Kipindi cha Sanaa Kisifutwe



Sisi tuliotoka chuo cha ualimu tuna kosa la kuungama. Mitihani ilipokaribia tulifuta kipindi cha sanaa, tukafundisha hesabu. Tulidhani tunawasaidia watoto, kumbe tunawapunja.

Mtoto asukaye ukili huhesabu na kupima, la sivyo mkeka huenda upande. Apigaye ngoma na wenzake hujifunza kungoja zamu yake. Chungu chake kikipasuka akaanza upya, amejifunza subira.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwani mkoloni aliwafundisha wazee wetu kuzionea haya ngoma zao. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Tusiseme hatuna fedha. Udongo, mkaa na ukindu tunavyo. Tunachodai ni kipindi kimoja kwa juma, kisichoguswa hata mwezi wa mitihani. Wazazi, kaulizeni shuleni: kipindi hicho kipo, au tumekifuta tena?