Mwenye Mali na Mwenye Kauli
(Mazungumzo kwa wanachama, Kengeja)



Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakulima wa Unguja na Pemba waligawiwa eka tatu tatu. Hata hivyo, bei ya karafuu iliendelea kupangwa mbali na mkulima. Kubadilika kwa mwenye mali si lazima kubadilike mwenye kauli.

Huko Bara, Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea kiburi cha viongozi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaendesha kazi wenyewe. Wengine waliojaribu vivyo hivyo walizuiwa na dola.

Funzo kwa ushirika ni hili: hesabu zisomwe mkutanoni, mizani ikaguliwe na wanachama, katibu aulizwe naye ajibu. Pasipo hayo, chama ni cha wanachama kwa jina tu.