Vyeti Vipo, Nani Atawachukua?

Wasikilizaji wetu wa Kambi Muru, Kibera yote na Kawangware, tangazo la wiki hii mmelisikia: vijana wengine watafunzwa kazi za kidijitali. Hatuna ugomvi na mafunzo. Swali letu ni lile la siku zote: wakishafunzwa, nani atawachukua?

Mafunzo yapo. Shule ya programu ya Moringa ipo tangu 2014, mpango wa serikali wa Ajira Digital tangu 2016. Kijana wetu ana digrii, ana cheti cha kozi, na juu yake cheti cha kozi nyingine. Kisha anafungua tangazo la kazi ya ngazi ya chini kabisa katika kampuni ndogo ya programu, anakuta: uzoefu wa miaka miwili. Ataipata wapi, ikiwa kila mlango unamdai hiyo miaka miwili?

Ingieni saiba za mtaani siku za mwisho za Juni. Anayewajazia ritani za kodi za KRA na kuwachapishia barua za kuomba kazi, mara nyingi ana shahada ya kompyuta. Analipwa kwa ukurasa.

Wenye kampuni ndogo nao wana lao, na tunawasikia. Kampuni ya watu watano haina mtu wa kukaa kando ya mgeni, asome alichoandika, amwonyeshe palipoharibika, amrudishe aandike upya. Mteja anasubiri, na kodi ya ofisi haijalipwa. Hata Andela, kampuni ya programu iliyoingia Nairobi 2015 kwa kazi hiyo hiyo ya kulea chipukizi, Septemba 2019 ilitangaza kupunguza mamia yao Nigeria, Uganda na Kenya, ikisema wateja wanataka wazoefu.

Sasa tazameni sheria. Tangu 2016, mwajiri anayechukua wahitimu kama wanagenzi kwa miezi 6 hadi 12 hupata nafuu ya kodi, nusu ya mishahara anayowalipa. Lakini lazima wawe 10 au zaidi. Kumi! Kampuni ya watu watano ichukue wanagenzi kumi? Nafuu hiyo ilishonwa kwa kimo cha mabenki. Na bado kampuni hiyo ndogo hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ushuru wa mafunzo ya viwandani. Inachangia mafunzo, mwanagenzi haimpati.

Fundi wa gereji huchukua kijana mmoja, akamshikisha spana, wakala pamoja mchana. Hangoji kumi.

Tunasema kumi ishuke iwe mmoja. Tunasema mwanagenzi alipwe, kwa sababu kumfanyisha mtoto wa Kibera kazi ya bure miezi mitatu, bila nauli, ni kumwambia asije. Nanyi wenye kampuni kule barabara ya Ngong, kilikoanzia kituo cha teknolojia cha iHub mwaka 2010, mwendo wa miguu kutoka hapa: futeni ile miaka miwili kwenye matangazo yenu. Chukueni mmoja. Mmoja tu!

Na ninyi wazazi, ninyi vijana, wakubwa watakuja kuzindua mafunzo, kutakuwa na fulana na picha. Msipige makofi bado. Simameni muulize: nani atawachukua, kuanzia mwezi gani, kwa mshahara gani? Wakiwajibu kwamba mtapewa vyeti, ulizeni tena.