Mgonjwa si Mfungwa

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wananchi juu ya uendeshaji wa hospitali za umma



Tumeitwa hapa kuzungumza juu ya hospitali, na huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza hospitali ina uhusiano gani na harakati za mageuzi. Jawabu letu ni fupi. Mwananchi hukutana na serikali yake mahali pachache: kwa chifu, katika kituo cha polisi, shuleni na hospitalini. Hospitalini hukutana nayo akiwa hana hata nguvu ya kusimama. Namna anavyopokelewa pale, na namna fedha yake inavyotumiwa, hutuonyesha hali ya utawala wetu kuliko hotuba mia za jukwaani.

Hoja yetu leo ni moja. Gharama za hospitali, ubora wa matibabu na heshima kwa mgonjwa ni kamba moja iliyosokotwa kwa nyuzi tatu. Mwananchi akionyeshwa shilingi yake ilikokwenda, hulipa kwa moyo na humwamini anayemtibu. Akifichwa, kamba yote hukatika.

Tuanze na historia. Mwaka 1965 serikali ya uhuru iliondoa ada kwa wagonjwa wa nje katika vituo vyake vya afya. Desemba 1989, nchi ikiwa bado chini ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na wakopeshaji wa kigeni wakishinikiza matumizi ya serikali yapunguzwe, ukaletwa mpango wa kuchangia gharama. Mwananchi hakuulizwa. Katika kliniki ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa waliofika kila mwezi baada ya ada kuanza. Idadi ya wanaume ilishuka hadi asilimia 40 hivi ya ilivyokuwa awali, na ya wanawake hadi asilimia 65 hivi. Wale waliokosekana hawakuwa wamepona. Walibaki majumbani na maradhi yao, katika miaka ambayo Ukimwi ulikuwa ukienea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hawa hawakuficha kwa aibu peke yake, walifichishwa na ada. Septemba 1990 ada ya wagonjwa wa nje ilisimamishwa, na mwaka 1992 ikaanza kurejeshwa kwa sura nyingine.

Hata hivyo, tusiwe wadhalimu katika hoja zetu. Hospitali haiendeshwi kwa hewa. Dawa hununuliwa, oksijeni hununuliwa, umeme hulipiwa, na anayekesha wodini ana watoto wanaomngojea nyumbani. Tena mpango wa mwaka 1989 ulikuwa na kanuni njema: robo tatu ya fedha ibaki katika kituo kilichoikusanya, robo moja iende kwenye huduma za kinga wilayani, na asiyejiweza asamehewe. Lakini ni nani aliyewasomea wananchi hesabu? Bodi zilizosimamia fedha hizo ziliteuliwa kutoka juu. Na msamaha ulikuwa lazima uombwe, ilhali maskini wengi hawakujua kwamba upo. Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zetu, ila kibaba hicho kisiwe na tundu.

Mambo haya yalijirudia. Huduma za afya zilipokabidhiwa serikali za kaunti mwaka 2013, katika kaunti nyingi makusanyo ya hospitali yalipelekwa katika hazina ya kaunti, na hospitali ikabaki kungojea fungu lake. Tazameni matokeo yake kando ya kitanda cha mgonjwa. Amelipa dirishani, kisha anaandikiwa karatasi akanunue dawa, glavu na sindano nje ya lango. Amelipa mara mbili. Anarudi wodini na hasira, na wa kwanza kukutana naye ni muuguzi, ambaye pengine anahudumia wodi nzima peke yake, vitanda vingine vikiwa na wagonjwa wawili wawili. Muuguzi anajibu kwa ukali. Sisi husema, "Wauguzi wa siku hizi hawana huruma." Lakini huyo aliyefoka hakuwa ndiye aliyeshika funguo za hazina. Tukumbuke kwamba madaktari wa umma walipogoma mwaka 1994, walidai pia haki ya kuunda chama chao, na chama hicho hakikusajiliwa hadi mwaka 2011. Waliponyimwa sauti wao, mgonjwa naye alipoteza mtetezi.

Sasa tuseme juu ya lango la hospitali. Tumewahi kusimama mbele ya lango kama hilo tukiwa na nguo za mtoto mchanga mkononi. Daktari alikuwa amemruhusu mama yule siku ya Jumatatu. Kibali cha kutoka hakikutolewa, kwa kuwa bili haikuwa imelipwa. Kila asubuhi bili ile iliongezewa siku nyingine ya kitanda. Ukoo ukafanya harambee, mbuzi wakauzwa, na siku ya Ijumaa akatoka akiwa na deni kubwa kuliko la Jumatatu.

Tuyapime hayo kwa hesabu tu, tukiacha machozi kando. Hospitali ile ilimlisha mama kwa siku nne ambazo hakuhitaji matibabu. Iliweka askari wa kumlinda. Ilimnyima kitanda mama mwingine aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Na mji mzima ulijifunza kwamba ni afadhali kujifungulia nyumbani. Je, huko ndiko kupunguza gharama?

Sheria nayo imekwisha kusema. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia kwa sababu ya deni kulivunja haki zao. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zinazokusanya. Na tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Basi sheria ipo na fedha inakatwa. Kilichosalia ni uwajibikaji.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, ada zote zibandikwe ukutani kwa Kiswahili, pamoja na masharti ya msamaha na cheo cha afisa anayeutoa. Pili, kila mgonjwa apewe bili inayoeleza kila senti. Tatu, kila baada ya miezi mitatu hesabu za hospitali zisomwe hadharani: kilichokusanywa dirishani, kilicholipwa na bima na kilichonunuliwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari hizo. Nne, asiyeweza kulipa kwa mara moja aandikiane na hospitali mkataba wa kulipa polepole, kisha aende nyumbani kwake.

Nasi tuna wajibu. Mwenye uwezo alipe, asijifiche nyuma ya maskini. Tusimtukane muuguzi kwa makosa ya mhasibu. Tusitoe shilingi bila kupokea risiti. Na kamati ya hospitali inapowatafuta wajumbe wa wananchi, tusiwaachie nafasi hizo wapambe wa wakubwa, halafu tukalalamika sokoni.

Wapendwa wananchi, kesho asubuhi nendeni katika hospitali iliyo karibu nanyi, mkiwa wazima, wawili au watatu, kwa adabu. Ulizeni swali moja tu: hesabu za robo iliyopita ziko wapi? Mkijibiwa, zisomeni. Msipojibiwa, rudini wiki ijayo mkiwa kumi.