OILI YA GIABOKSI: ISIPUNGUE, ISIZIDI

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanaushirika wa Kibosho. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika mkutanoni.)

Ndugu wanaushirika, akina baba, akina mama na vijana,

Leo hatusemi habari za bei ya kahawa. Tunasema habari za pikapu yetu, maana wengi mnauliza ilikuwaje mbolea ikalala njiani siku mbili. Jibu tunalo, na kosa ni letu sisi wa kamati.

Giaboksi ilianza kulia. Tukasema oili imepungua, na kweli ilikuwa imepungua. Tukaongeza hapo hapo nje ya ghala, gari likiwa limelalia upande kwenye mteremko, na nati ya kujazia iko upande wa mlimani. Tukamimina mpaka ikafurika, tukasema haya, imejaa. Kumbe imezidi!

Ninyi nyote mnajua mfereji: maji hufuata chini. Oili nayo ni hivyo hivyo. Tundu likiwa upande wa juu, oili inakimbilia upande wa chini, nawe unaendelea kumimina tu. Tundu likiwa upande wa chini, inamwagika upesi, unadhani imejaa kumbe bado.

Ikizidi kuna ubaya gani? Mwenye kupika mbege anajua: pipa halijazwi mpaka mdomoni, maana ikichacha itapanda povu na kumwagika. Gia zinakoroga oili iliyozidi mpaka inapata moto na kutoa povu, na povu halilainishi chuma. Oili inatafuta njia, inapita kwenye sili, inafika kwenye klachi. Klachi ikilowa inateleza: injini inanguruma, gari halipandi. Ndivyo ilivyotupata tukitoka Moshi na magunia.

Ikipungua je? Beringi na gia za juu zinakauka, zinasagana, mwisho giaboksi inakufa.

Basi, tangu leo tufuate hivi:

1. Oili ipimwe gari likiwa mahali palipo sawa. Tuazime pima maji ya fundi mwashi tuhakikishe.

2. Injini izimwe, gari lipoe, oili itulie. Breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe mawe. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

3. Ifunguliwe nati ya kujazia, ile ya ubavuni. Oili ikifika ukingo wa chini wa tundu, imetosha. Ncha ya kidole itaigusa pale pale mdomoni. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo mpaka ianze kuchuruzika. Ngoja iache kuchuruzika, ndipo ufunge.

4. Siku ya kubadili oili, fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ya kumwagia. Ukishamwaga halafu ile ya kujazia ikagoma, gari limekwama.

5. Kitabu cha gari kisomwe. Magari hayafanani: mengine oili hukaa chini kidogo ya tundu, mengine yana kijiti cha kupimia. Tena kitabu kinataja aina ya oili. Kopo la GL-5 si sawa na la GL-4. Oili nyingine za GL-5 ni za difu, na zinaweza kula pete za shaba zilizomo ndani ya giaboksi.

Ndugu zangu, kitabu hicho kilikuwa ndani ya gari siku zote, chini ya kiti. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, ndio tunaoona aibu zaidi. Ni cha Kiingereza, sawa, lakini picha ya tundu na mstari wa oili inaonekana, na vijana wetu wa sekondari wapo. Sasa picha hiyo tumeichora ukutani ghalani. Dereva aitazame, nanyi mmuulize.

Pikapu si ya dereva wala si ya katibu. Ni ya kila mwanachama mwenye mti wa kahawa, na ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali usiku. Tuitunze.

Ushirika oyee!