Ghala la Baridi Uwandani mwa Wamakonde

Mtu wa Lulindi, ambaye tangu zamani amezoea kumla samaki wa Mtwara akiwa ng'onda, akiahidiwa ghala la nyuzi 18 chini ya sifuri, na aulize kwanza zipo kompresa ngapi. Kwani amonia, gesi ya kupozea ichemkayo kwa nyuzi 33 chini ya sifuri katika kanieneo ya kawaida ya hewa, katika joto letu aghalabu hutaka kushindiliwa kwa awamu mbili, na kompresa moja isiyo na mwenzake wa kushika zamu, wala jenereta umeme ukatikapo, si amana ya kutegemewa. Mlango nao (jambo dogo lipuuzwalo!) usipofungwa upesi, unyevu wa masika huganda juu ya mabomba, baridi ikahafifika. Wahandisi, anzeni na mlango.