Hewa ya Ziwa Ipimwe Kwanza

Mtu asimamapo usiku katika ufuko wa Ggaba, kusini ya jiji la Kampala, huona taa za ng'ambo zikimetameta juu ya maji. Taa zenyewe hazitikisiki. Kinachotikisika ni hewa. Hewa ya moto na hewa ya baridi huupinda mwanga kwa viwango tofauti, na zichanganyikapo mwanga huyumba.

Jambo hili, ambalo zamani lilikuwa shughuli ya wanafalaki, leo linawahusu wananchi wa visiwa vya Ssese. Mwaka 2021 kampuni ya Alphabet ya Marekani ilitangaza kwamba mradi wake wa Taara umeunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa mwali wa nuru uliovuka Mto Kongo. Umbali ulikuwa kilometa 4.8 tu, ilhali waya wa kuuzunguka mto ulihitaji zaidi ya kilometa 400. Kwa siku 20 nuru hiyo ilipitisha terabaiti 700 hivi.

Njia hiyo yaweza kuvifaa visiwa pia. Lakini mto si ziwa. Ziwa Viktoria, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, hujitengenezea upepo wake. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa, upepo hugeuka, na hewa baridi huteremkia maji yaliyobaki na joto. Hapo msukosuko huweza kuzuka hata mbingu ikiwa safi, bila mvua wala ukungu.

Kipimo chake si siri. Taa huwekwa ufuko mmoja na chombo cha kupokea mwanga ufuko wa pili; chombo huandika, mara nyingi kwa kila sekunde, jinsi mwanga unavyopanda na kushuka. Joto na upepo hupimwa pamoja. Kazi hiyo yapaswa kufanywa usiku na mchana, kiangazi na masika, kwani matokeo yake ndiyo yanayoamua kimo cha minara na umbali wa kuvushwa nuru.

Chuo Kikuu cha Makerere hakiko mbali na ziwa hili. Hakuna sababu ya kununua mitambo kwa kutegemea takwimu za maji ya wengine, kisha mvuvi wa Kalangala akatikiwe mawasiliano saa anayomhitaji daktari. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hewa iliyo juu ya maji hayo ni vivyo hivyo: ipimwe kwanza, ndipo nuru ivushwe.