Kisu cha Kwanza na Kinoo Chake

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za kitu kidogo kikaacho mfukoni, yaani kisu cha kukunja. Nataka kueleza jinsi ya kukichagua, jinsi ya kukinoa, na jinsi ya kumkabidhi kijana ambaye hajapata kuwa na kisu chake mwenyewe.

Wazee wetu walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Maana yake twaijua: asiyesikia maonyo aachwe akatwe, na kidonda kitamfundisha. Methali hiyo yafaa katika mambo mengi ya dunia, lakini katika jambo la kisu chenyewe mimi siifuati. Kidonda hufundisha hofu, hakifundishi kazi. Kijana aliyepewa kisu bila kinoo, wala bila mtu wa kumwonyesha, amepewa nusu ya kitu, tena ile nusu yenye hatari. Basi neno langu ni hili: siku umpayo mtoto kisu, mpe na jiwe la kunolea, ukae naye mpaka ajue kulitumia.

Katika milima yetu ya Uluguru kazi za kisu hazina mwisho. Huko Kinole na Matombo kuna ndizi, machungwa na mdalasini. Huko Mgeta kuna kabichi na mboga nyingine ziendazo sokoni. Mwenye shamba hukata kamba ya mzigo, huchonga mambo, humenya muwa, hupunguza matawi. Na yule abebeshaye miche ya michungwa anahitaji makali kuliko wote, kwa maana jeraha la mti likikatwa safi hufungamana upesi, na likichanwachanwa kwa kisu butu huoza.

Watu wengi hudhani kwamba kisu butu ni salama kwa mtoto. Sivyo. Tuseme kijana anamenya muwa kwa kisu kisichokata. Anakaza mkono, chuma hakiingii, anakaza zaidi, mara kisu kinateleza juu ya ganda gumu na kumwangukia kwenye kidole cha mkono wa pili. Kama ni kisu cha kukunja chenye kamani dhaifu, huenda kikajifunga juu ya vidole vyenyewe vilivyokishika. Kisu kikali hutaka nguvu kidogo, na mkono usiotumia nguvu nyingi ni mkono unaotawaliwa na mwenyewe.

Sasa tutazame namna ya kuchagua. Ukienda mjini Morogoro, katika Soko Kuu la Chifu Kingalu au katika maduka ya vyombo vya chuma, utaviona visu vya kila namna. Vingine vina vyombo kumi ndani ya mpini mmoja, mkasi, msumeno na kifungulio cha chupa. Hivyo humpendeza sana kijana, lakini kwa kisu cha kwanza nashauri usivinunue. Bapa moja lililo imara lashinda vyombo kumi vilivyo legelege.

Kikunjue kisu polepole, kisha shika bapa kwa vidole viwili ulitikise kuume na kushoto. Likichezacheza, kirudishe. Kikunje tena, utazame kama bapa lakaa katikati ya mpini bila kugusa upande. Kamani iwe na nguvu, au kiwe na komeo la kulizuia bapa lisijifunge lenyewe. Urefu wa bapa usizidi upana wa kiganja chako, kwa maana kazi ya mfukoni haitaki kisu kirefu. Mpini uujaze mkono bila kuubana, wala usiwe mtelezi ukilowa. Mwisho, elekeza makali kwenye mwanga. Makali mazuri hayaonekani. Makali butu hung'aa kama uzi mweupe. Ukiuona uzi huo, ujue kwamba kisu hicho kitataka kunolewa kabla ya kazi ya kwanza.

Liko na swali la chuma chenyewe. Chuma chenye kaboni kwa kiasi chake huitwa pua, na kazi ya pua si ngeni katika Afrika. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha uchunguzi wao juu ya tanuri za Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Walionyesha kwamba watu wa huko walijua kupata pua katika tanuri zao tangu miaka 1500 hata 2000 iliyopita. Huko Uingereza, katika mji wa Sheffield, mwaka 1913 Harry Brearley alipata pua isiyoshika kutu upesi. Tangu hapo mnunuzi huwa na njia mbili. Pua ya kaboni hunoleka kwa urahisi na kushika makali membamba, lakini hupata kutu. Pua isiyoshika kutu haitaki uangalizi mwingi, lakini nyingine huwa ngumu kunoa, na zile za bei rahisi mno hupinda makali mara moja.

Kwa anayejifunza, naona pua ya kaboni yafaa zaidi. Mfano wake ni visu viitwavyo Okapi, ambavyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Vina mpini wa mti na bapa moja tu. Si kisu cha fahari, wala hakihitaji kuwa cha fahari.

Haya, tumekwisha kununua, sasa tunoe. Kwanza tafuta kinoo. Mawe mengi ya milima yetu yana chembe kubwa zing'aazo. Hayo yafaa kwa panga na jembe, lakini huyakwaruza makali ya kisu kidogo. Tafuta jiwe bapa la mtoni lenye chembe ndogo, ambalo kidole kikipita juu yake chaona ukwaru mwembamba sawasawa pote. Ukiweza, nunua kinoo cha dukani chenye pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine wa kulainisha. Aliyekosa vyote viwili ageuze kikombe cha kauri chini juu: ile duara ya chini isiyopakwa rangi wala kung'arishwa hunoa vizuri kwa dharura.

Pili, jua pembe. Kisu kikilazwa mno hakinoleki. Kikisimamishwa mno makali huwa manene. Wanafunzi, chukueni karatasi yenye kona ya mraba. Kona hiyo ni digrii 90. Ikunje katikati, wapata 45. Ikunje tena, wapata 22 na nusu. Isimamishe karatasi hiyo juu ya jiwe, uegemeze kisu juu yake: hiyo ndiyo pembe ya kisu cha mfukoni. Tazama sana mpaka mkono wako uikariri, kisha iondoe karatasi.

Tatu, lowesha jiwe kwa maji, uliweke juu ya kitambaa kilicholowa lisiteleze. Sukuma kisu mbele, makali yakitangulia, kana kwamba wataka kukata ganda jembamba juu ya jiwe, ukianzia shina la bapa na kumalizia ncha. Usikaze. Vuta mara kumi upande mmoja bila kubadili pembe. Kisha gusa upande wa pili kwa kidole gumba, ukitoka mgongoni kuelekea nje ya makali; kamwe usikipitishe kidole kwa urefu wa makali. Utahisi kiuzi chembamba cha chuma kilichopinduka. Kama hukihisi, endelea. Ukikihisi toka shina hata ncha, ndipo ugeuze kisu na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Wengi hushindwa hapa, kwa kuwa hugeuza kabla ya kiuzi kutokea, nao hunoa saa nzima bila faida.

Nne, ondoa kiuzi hicho. Pitisha kisu polepole sana, mara moja huku na mara moja huku, ukipunguza uzito wa mkono kila mara. Kisha kipitishe juu ya mkanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia, usije ukaukata mkanda. Jaribu makali yako kwa ukingo wa karatasi au jani bichi la mgomba. Yakipita bila kuchana, kazi imekwisha. Usiyajaribu kwa kidole.

Neno juu ya gurudumu la kunolea, kama lile la wanoaji wapitao mjini kwa baisikeli. Kwa panga ni msaada mkubwa, lakini bapa jembamba hupata moto upesi. Ukiona rangi ya samawati imetokea kwenye makali, ujue pua imelegea mahali hapo, na haitashika ukali tena mpaka sehemu hiyo iliwe yote na jiwe.

Utunzaji wake si mgumu. Upande wa mashariki wa Uluguru mvua ni nyingi, na utomvu wa ndizi na maji ya machungwa huila pua ya kaboni. Kila jioni kioshe, kikaushe, ukipake mafuta kidogo. Kwenye kiungo tia tone moja la mafuta ya cherehani.

Sasa namgeukia mzazi, babu, au mjomba mwenye kumpa kijana kisu. Mfundishe sheria hizi kabla hujakitoa mkononi mwako. Akate akielekeza makali mbali na mwili. Akikunje kabla ya kuinuka na kabla ya kumpa mwenzake. Asikichukue shuleni asipoagizwa na mwalimu. Wala asikikunjue katika ugomvi, hata kwa mzaha, maana siku hiyo kisu huacha kuwa chombo cha kazi. Na akijikata, aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, alikaze kwa kitambaa safi, na jeraha likiwa la ndani aende zahanati, kwa ajili ya hatari ya pepopunda.

Mwache anoe mbele yako mara tatu. Siku atakapokuletea kisu kinachokata karatasi bila kuichana, wala hukumgusa mkono, utajua kwamba sasa kisu ni chake. Aliyetumia saa nzima kuyapata makali hayo kwa jiwe na maji hatayapoteza kwa kuchimba udongo wala kwa kumtisha mwenziwe.